Pointi Sita za Niyigena

Kama kuna mtu Goma nzima aliyezaliwa na kinyaa, ni Prof Wenceslas wa Mabanga. Chai ikizidi sukari, anachefuka. Kijana wa pikipiki akimwita "vieux", yaani mzee, badala ya "papa", anachefuka. Mhubiri wa redioni akianza kusimulia alichoambiwa na Mungu jana, Wenceslas anainuka na kuizima redio hata kama si yake. Lakini hakuna kilichomchefua kama pointi za bure. Alikuwa ametimiza miaka thelathini na moja akifundisha hesabu katika sekondari moja ya mji, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kumpa mwanafunzi zaidi ya kumi na nne juu ya ishirini. Ndiyo sababu watoto walimwita Quatorze, kumi na nne kwa Kifaransa, na jina likamganda mpaka sokoni. Yeye alijifanya hajui, na kwa kweli lilimpendeza.

"Ishirini ni ya Mungu," aliwaambia kila Septemba, chaki mkononi. "Kumi na tisa ni ya mwenye kuandika kitabu. Kumi na nane ni yangu. Zile zingine za katikati ni za watakatifu. Mutoto wa mutu anaanzia kumi na nne, anashuka."

Na walishuka kweli. Wengi walikaa kwenye saba, nane, tisa, na mzazi ambaye mtoto wake alileta kumi na mbili ya Quatorze alichinja kuku. Ile kumi na nne yenyewe ilikuwa adimu kama mvua ya Julai. Alipoitoa, aliandika chini yake kwa bic nyekundu maneno mawili: Tafuta kosa. Kosa lenyewe hakulionyesha. Mtoto akimfuata mezani kuuliza, alijibiwa, "Tafuta mwenyewe. Kosa la kuonyeshwa halifundishi." Mtindo huo aliubuni mwenyewe na alijisifia nao kwa walimu wenzake kila alipopata nafasi.

Basi Jumamosi moja ya mwezi wa kumi na moja, mvua imetoka kukatika na mawe meusi ya uani bado yanachuruzika, Mama Nyirakamana akabisha hodi. Huyu ni mama anayeuza jibini ya Masisi kule sokoni Birere, na binti yake Niyigena, miaka kumi na saba, alikuwa mwaka wa mwisho kwa Wenceslas. Walikuja wote wawili. Mama akaweka jibini moja juu ya meza, imefungwa kwenye jani, kisha akasimama mpaka alipoambiwa akae. Binti akabaki karibu na mlango, mikono nyuma.

"Papa Prof, utusamehe kukusumbua siku ya kupumuzika," mama akaanza. "Tuko na neno."

Neno lenyewe lilikuwa chuo kikuu. Si kile cha Goma, wala cha Bukavu. Ni cha ng'ambo, kimoja katika vile ambavyo kati ya watoto mia wanaoomba huchukua watano tu, lakini hao watano kinawalipia kila kitu, tangu tiketi mpaka sabuni. Niyigena alikiona kwenye simu ya binamu yake. Alitaka kusoma hesabu, hesabu kavu, bila udaktari wala biashara juu yake. Dossier, yaani faili la maombi, ilikuwa imebakiza barua ya mwalimu tu, na mwisho wa kuituma ulikuwa Ijumaa. Kabla ya kutuma walitaka kujua kama mtoto ana tumaini lolote, ndipo wakaelekezwa Birere, kwenye bureau, ofisi ya kijana mmoja anayepima chance za wanafunzi kwa mashine.

Mama akatoa karatasi kwenye kitambaa cha kiunoni, akaikunjua. Wenceslas akavaa miwani. Juu kulikuwa na jina la mtoto. Katikati, kwa herufi kubwa: Chance, 3 kwa 100. Na chini kabisa, kwenye mstari wake peke yake: Udhaifu, hesabu.

Akaisoma mara tatu. Akaigeuza kuona kama nyuma kuna kitu cha kucheka. Hakukuwa na kitu.

"Nani aliandika huu uchafu?"

"Anaitwa Magloire. Anasema kule kumi na nne ni pointi za mutoto wa hivihivi. Anasema anaweza kutengeneza bulletin, kumi na nne iwe kumi na tisa, na chance inapanda. Anasema wote wanatengeneza. Mimi nikasema hapana, kwanza tumuulize Papa Prof."

Bulletin ndiyo ile karatasi ya mwisho wa muhula yenye pointi na muhuri wa shule, na kuitengeneza maana yake ni kuighushi. Wenceslas akaisukuma mbali ile karatasi ya Magloire kwa ncha ya kidole, kama mtu anayesukuma panya aliyekufa. Akamgeukia binti.

"Na weye unasema nini?"

Niyigena alitazama sakafu. "Sitaki pointi za Magloire, Prof. Nataka tu kujua kama zangu zinaweza kutosha."

"Zako ni zangu," akasema Wenceslas. "Nilikupa kumi na nne mitihani sita, miaka mitatu. Unajua ni watu wangapi niliwahi kuwapa hiyo? Wanne. Rudini nyumbani. Mimi nitaongea na huyo mwizi."

Jumapili yote alikuwa na mwizi huyo kooni. Kanisani alimwona kwenye mahubiri, mezani alimwona kwenye maharagwe. Udhaifu, hesabu. Mtoto aliyempa kumi na nne mara sita mfululizo, kitu ambacho hakijatokea tangu alipoacha Butembo na ndugu zake wafanyabiashara kuja kushika chaki, halafu mpumbavu mmoja mwenye mashine amwite dhaifu wa hesabu. Alisonya mpaka mkewe, Mama Thérèse, akamwomba asonyee nje.

Jumatatu, baada ya vipindi, akapanda pikipiki mpaka Birere. Birere ukisimama unasukumwa, ukitembea unauziwa. Alipita katikati ya magunia ya unga na betri zilizopangwa chini juu ya plastiki, begi kifuani, uso umekunjwa. Bureau ilikuwa chumba cha mbao chenye pazia, na juu ya mlango kibao: Orientation, Bourses, Chances. Akasimama kukitazama. Chances, kama tombola, bahati nasibu ya parokia. Baba mmoja alikuwa anatoka, ameshika bulletin kwa vidole viwili ili wino usimchafue, anatabasamu kama bwana harusi. Wenceslas akampisha kwa kujibana ukutani, asiguswe naye.

Ndani kulikuwa na kompyuta, mashine ya kuchapa, na kopo la maziwa ya unga limejaa mihuri. Akaitambua mitatu kwa kuitazama tu. Wa nne ulikuwa wa shule yake, ule wa préfet, mkuu wa shule.

"Huu muhuri umeutoa wapi?"

Kijana wa nyuma ya kompyuta akainua macho, kisha akasimama wima, mikono ubavuni, kama mtu aliyeitwa ubaoni. "Palepale préfet wenu alipochongesha wa kwake, Prof. Fundi ni mumoja."

Hapo ndipo Wenceslas alipomtambua. Alikuwa mnene sasa na ana ndevu, lakini ni Magloire yuleyule, aliyekaa benchi la pili karibu na dirisha, miaka kumi na miwili iliyopita. Mmoja wa wale wanne. Kinyaa kikampanda mara mbili.

"Nilikufundisha hesabu ili uje kuuza mihuri."

"Ukae, Prof."

"Sikai hapa."

Magloire akakaa yeye. Hakuonekana kukasirika, na hilo lilimuudhi Wenceslas zaidi. "Prof, mashine sikuitunga mimi. Wanaandika pointi, inajibu. Kule, mutoto wa sabini kwa mia ni mutoto wa katikati, wa kusukumwa. Muzuri wao ana tisini na tano. Wengine wana mia."

"Mia ni nini? Nani ana mia? Sabini ni mlima. Kuna wabunge hapa walipata diplôme na hamsini na mbili, wakafanya sherehe siku tatu."

"Mimi najua. Weye unajua. Mwenye kufungua dossier kule ana dossier elfu kumi mbele yake, hamjui Quatorze." Alisema jina hilo bila aibu, mbele ya mwenyewe. "Ngoja nikuonyeshe kitu."

Akafungua droo. Ilikuwa barua ya zamani, imewekwa ndani ya plastiki kama cheti cha ubatizo. Wenceslas akauona mwandiko wake mwenyewe, ule wa kunyooka. Ni barua aliyomwandikia Magloire mwaka ule, naye alipoomba bourse, ufadhili wa masomo ya ng'ambo. Chuo kilitaka mwalimu amsemee. Ilikuwa na mistari miwili. Magloire hakuisoma, aliijua kwa kichwa.

"Mwanafunzi mutulivu, hasumbui. Anaweza kufaulu akijitahidi." Akairudisha kwenye droo. "Nilikuwa wa kwanza mukoa muzima kwenye mutihani wa taifa, Prof. Walinijibu kwa wiki mbili. Hapana."

"Ile ilikuwa sifa," akasema Wenceslas. "Sijawahi kumwandikia mutu sifa kama ile."

"Najua. Njo maana niliihifadhi."

Kwa nje mtu alipita na chukudu, baiskeli ya mbao ya kusukuma, iliyobeba mkaa, akipiga kelele watu wampishe. Wenceslas alitaka kuondoka, lakini hakutaka kuondoka akiwa amenyamaza, maana kunyamaza mbele ya mwizi ni kumpa risiti.

"Hata hivyo weye ni muongo," akasema. "Unaandika pointi ambazo mutoto hakupata. Mimi naandika zile alipata."

"Bon. Tufanye hivi. Niyigena alipata kumi na nne. Sita zilienda wapi? Niletee makosa ya hizo pointi sita, moja kwa moja, na mihuri hii yote natupa ziwani, unaniangalia."

"Anza kutafuta mahali pa kusimama kule ziwani," akasema Wenceslas. "Kesho nakuja."

Alirudi Mabanga moyo mweupe. Huyo kijana alikuwa amekosa adabu na amekosa akili vilevile, kwa maana Wenceslas alikuwa mtu wa kutunza. Karatasi za mitihani watoto walionyeshwa tu darasani kisha zikarudishwa mezani kwake, na za kumi na nne zote, tangu mwaka wa kwanza wa ualimu, alizihifadhi ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda. Mwingine angetunza picha za harusi.

Jumanne saa nane mchana akalivuta sanduku, akaketi sebuleni karibu na dirisha. Karatasi sita za Niyigena zilikuwa juu. Akachukua ya mwisho. Swali la kwanza, sawa. La pili, sawa. Akafika ukurasa wa nne bila kuona mahali ambapo bic nyekundu ilikata. Juu kuna 14/20. Chini kuna Tafuta kosa. Katikati hakuna kitu ila alama za sawa, moja baada ya nyingine, za mkono wake.

Akadhani amepitiwa. Akachukua karatasi tupu, akafanya mtihani mwenyewe tangu mwanzo, polepole, mstari kwa mstari. Majibu yakatoka yaleyale. Kwenye swali la tano mtoto alikuwa amepita njia fupi kuliko yake, njia ambayo yeye mwalimu hakuwa ameifikiria, na sasa akakumbuka, akakumbuka vizuri kabisa, kwamba siku ile alipoiona alitabasamu peke yake, akaandika kumi na nne, akafunga karatasi.

Akachukua ya pili. Akaona alama ya kutoa imesahaulika kwenye mstari wa nane, akafurahi kama mtu aliyeokota simu yake. Akaisogeza kwenye mwanga. Alama ilikuwepo, ilikuwa imeingia kwenye mkunjo wa karatasi. Ya tatu safi. Ya nne safi. Ya tano na ya sita vilevile. Akachimbua mpaka chini ya sanduku, akatoa ya Magloire ya miaka kumi na miwili. Ilikuwa na kosa moja la pointi moja. Alistahili kumi na tisa.

Kwa hiyo hakukata pointi sita. Alizikalia tu. Alizikalia kwa sababu alikuwa Quatorze, na Quatorze hatoi kumi na tano, watu wangesema nini. Magloire aliongeza pointi kwa ajili ya tumbo, na yeye alipunguza kwa ajili ya jina, miaka thelathini na moja, akitembea mjini kichwa juu, akisonya watu. Kinyaa kikaja kama kawaida yake, lakini safari hii hakikuwa na mtu wa kumwendea, kikabaki palepale na mwenyewe. Akatoka nje akatema mate juu ya mawe. Hayakuisha.

Mama Thérèse alikuwa ukumbini anachambua maharagwe. "Mbona uso kama umelamba betri?"

Akamweleza. Hakumficha kitu, wala hakuwa na desturi ya kumficha. Thérèse alisikiliza bila kuacha kuchambua, akitupa mawe madogo upande.

"Miaka makumi mbili na nane niko hapa," akasema mwishowe. "Sombe yangu hujaisifu hata siku moja. Unasema tu, inalika."

"Inalika ni sifa."

"Najua ni sifa. Mimi nilijifunza. Yule wa dossier kule, atajifunzia wapi?"

Wenceslas alirudi ndani, akachukua karatasi ya barua, maana dossier ya Niyigena nayo ilidai barua ya mwalimu, na alikuwa ameshaiandika Jumamosi, wageni walipotoka tu. Akaitoa kwenye begi, akaisoma. Mwanafunzi mtulivu. Akaichana vipande vidogo. Akaanza nyingine, na mkono ukaandika wenyewe, mwanafunzi mtulivu, akaichana na hiyo. Kumsifu mtoto kulimpa haya, kama kuvua shati sokoni. Mpaka jua linaelekea kuzama upande wa Sake ndipo ilipotoka. Aliandika kwamba amefundisha miaka thelathini na moja, kwamba Niyigena ni bora kuliko wote waliopita mbele yake, kwamba katika swali moja alimzidi yeye mwalimu, na kwamba kumi na nne zote walizoziona ni kosa la mwalimu, si la mwanafunzi. Akaongeza nakala za karatasi sita, wajionee. Akatia sahihi haraka kabla hajajuta.

Jumatano akaenda kwa préfet, mkuu wa shule, Papa Édouard. Bulletin haibadilishwi bila muhuri wake. Wenceslas alikuwa amezichukua bulletin sita za Niyigena kwenye faili la shule na amefuata kanuni: kila kumi na nne ameikata kwa mstari mmoja, pembeni ameandika ishirini, na sahihi yake kamili. Édouard akazitazama bulletin moja moja. Halafu akainuka, akafunga mlango.

"Muzee," akasema, sauti ya kirafiki, sauti ambayo hakuwahi kuitumia kwake. "Na sisi miaka hii yote tulikuwa tunakuogopa."

"Naomba muhuri tu. Karatasi za mutihani ni hizi, angalia mwenyewe."

"Funga, funga. Mimi sihitaji kuona." Édouard akavuta muhuri, akaupulizia, akagonga mara sita, huku anatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Mama wa jibini, eh? Kumbe jibini inalipa. Siku ingine usikule peke yako."

Wenceslas alisimama na karatasi zake mkononi. Alikuwa na la kumjibu, alikuwa nalo tayari, la kumtoa ngozi. Lakini angemjibu kwa jina gani? Mtu yeyote Goma akiona kumi na nne imekatwa na ishirini kuandikwa pembeni anajua kilichotokea, na Wenceslas mwenyewe, angeiona kwa mwingine, angejua vilevile na angechefuka. Akachukua bulletin, akasema asante. Alisema asante kwa Édouard, na neno hilo lilimkaa mdomoni mchana kutwa kama dawa ya minyoo.

Alhamisi asubuhi, alipoingia langoni, jina lilikuwa limeshabadilika. "Vingt," ilisikika nyuma ya ukuta wa vyoo. Ishirini. Kisha kwa sauti zaidi, kutoka dirisha la darasa la tatu, "Vingt!" na kicheko. Katika chumba cha walimu mazungumzo yalikatika alipofika, na mmoja akamuuliza kwa heshima sana kama jibini ya Masisi siku hizi iko bei gani. Wenceslas alikaa, akafungua kitabu, akakiangalia mpaka kengele. Kwenda Birere hakwenda, wala siku ile wala nyingine. Mihuri ya Magloire ilibaki kwenye kopo lake.

Jioni ya siku hiyohiyo akaenda Ndosho. Nyumba ya Nyirakamana ni ya mbao, imeinuliwa juu ya mawe ya volkano, na kuingia unapanda ngazi tatu za mawe zisizolingana. Mama alimpa kiti cha pekee na kikombe cha maziwa, akafuta meza ambayo ilikuwa safi. Wenceslas akaweka bulletin zote, na barua, na nakala.

"Soma," akamwambia Niyigena. "Mama asikie."

Niyigena akaisoma barua kwa Kifaransa, halafu akamgeuzia mama yake maneno kwa Kinyarwanda, polepole. Alipofika pale palipoandikwa kwamba alimzidi mwalimu, akaruka, na Wenceslas ambaye Kinyarwanda alikijua cha sokoni akamwambia arudie, asiruke. Nyirakamana alishika kichwa kwa mikono miwili. Kisha, kwa kuwa ni mfanyabiashara, akauliza linaloulizwa.

"Sasa chance ni ngapi, Papa Prof?"

"Sina mashine, mama. Kule wanachukua watano kwa mia, na hao mia wote wana akili. Labda atapita, labda hapana. Lakini akikosa, asikose ju yangu."

"Atume kesho?"

"Atume leo. Ijumaa network inajaa watu."

Mama akatoka kwenda kutafuta simu ya binamu. Wakabaki wawili. Niyigena alikuwa bado ameziangalia bulletin, akipitisha kidole juu ya mistari iliyokatwa, moja mpaka ya sita, na uso wake haukuwa uso wa mtoto aliyefurahi. Wenceslas aliutazama, asielewe. Alikuwa amejiandaa kwa machozi, au kwa asante, na vyote viwili alikuwa tayari kuvikataa.

Binti akaingia nyuma ya pazia, akarudi na daftari nene lililoshonwa kwa uzi baada ya mgongo wake kukatika. Akaliweka mbele yake. Ndani ilikuwa mitihani yake sita, aliyoinakili kwa kichwa siku alipoonyeshwa darasani. Kila mtihani umefanywa upya. Umefanywa tena. Umefanywa kwa njia nyingine, na nyingine, na pembeni kuna tarehe: likizo ya Pasaka, wiki waliyokimbilia Kibati, siku ya Krismasi. Miaka mitatu ya tarehe. Ya mwisho ilikuwa ya wiki ile, Jumapili. Na chini ya kila mtihani, mwisho kabisa, ameandika neno moja na alama ya kuuliza: Kosa?

"Nilikuwa natafuta, Prof," akasema. "Ulisema nitafute mwenyewe. Nilikuwa najiambia, siku nitaliona njo nitakuwa na akili ya kwenda kule. Sijaliona. Lilikuwa wapi?"

Wenceslas aligeuza kurasa moja moja mpaka mwisho, bila kuharakisha, kama anavyosahihisha. Akasogeza kando kikombe cha maziwa. Akatoa bic nyekundu mfukoni. Chini ya neno Kosa, kwenye ukurasa wa Jumapili, akaandika jina lake mwenyewe, kisha akamrudishia daftari.